Jodari kumi na watano wa San Diego

Agosti 2011, miezi mitano baada ya tsunami kukisomba kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima, Japani, wavuvi wa kujiburudisha wa San Diego, California, walikuwa wakirudi na jodari kama ilivyo kawaida ya majira yale. Hawakuwa majitu ya kugombewa mnadani Tokyo. Walikuwa wadogo bado, kilo sita hivi kila mmoja, wa aina ya jodari wa Pasifiki mwenye mapezi ya buluu. Samaki huyu hutaga upande wa Asia tu, jirani na Japani. Baadhi ya vijana wake, wakishatimiza mwaka au zaidi kidogo, huvuka bahari yote kwenda kutafuta chakula California. Basi jodari aliyeingizwa mashuani San Diego mwezi Agosti huenda kabisa alikuwa Japani mwezi Machi au Aprili, maji ya mitambo iliyoharibika yalipokuwa yakiingia baharini.

Daniel Madigan, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, alipata vipande vya nyama ya samaki kumi na watano kati ya hao. Vikapelekwa Stony Brook, jimbo la New York, kwa Zofia Baumann na Nicholas Fisher. Nyama ikakaushwa, ikasagwa ikawa unga, ikawekwa mbele ya kigunduzi cha mionzi ya gama. Jibu lilikuwa wazi: mlikuwa na aina mbili za sesiamu, elementi yenye mionzi inayotoka kwenye mitambo ya nyuklia: sesiamu-134 kama bekereli 4 kwa kilo, na sesiamu-137 kama bekereli 6.3. Bekereli moja ni atomi moja inayovunjika kila sekunde, basi. Ni kipimo kidogo sana.

Iliyokamata mwizi ni ile sesiamu-134. Nusu-maisha yake ni miaka miwili tu, maana yake kila miaka miwili inabaki nusu. Iliyotoka kwenye ajali ya nyuklia ya Chernobyl mwaka 1986 ilikuwa imekwisha zamani. Ikionekana kwenye samaki wa mwaka 2011, ina mahali pamoja tu ilipotoka. Watafiti walipima pia jodari wa mapezi ya njano, ndugu ya huyu ambaye sisi wa Bahari ya Hindi tunamjua sana, lakini wale wa California wasiovuka kwenda Japani: hawakuwa nayo. Wakapima nyama ya jodari wa buluu waliovuliwa 2008: hawakuwa nayo vilevile. Kazi safi. Ilitoka mwishoni mwa Mei 2012, na siku ya pili yake dunia nzima ilikuwa inazungumza habari ya samaki wenye nyuklia waliovuka Pasifiki.

Kisa hiki husimuliwa hadi hapo kikaachwa. Mimi naona hapo ndipo kinapoanza, kwa sababu kwenye unga uleule, ndani ya chupa ileile, mlikuwa na mionzi mingine mingi zaidi ambayo Fukushima haikuhusika nayo. Sehemu yake moja kigunduzi kiliiona. Nyingine, ambayo ndiyo nzito kwa mlaji, kigunduzi kile kisingeiona hata kingekaa mwezi mzima.

Iliyoonekana ni potasiamu-40: bekereli 347 kwa kilo. Sesiamu zote mbili ukizijumlisha ni 10 na ushei, yaani kama asilimia 3 tu ya hiyo potasiamu. Potasiamu-40 ni kongwe kuliko mabara tunayoyakanyaga; nusu-maisha yake ni miaka bilioni moja na robo. Kila penye potasiamu imo, kwa kiasi kisichobadilika: kila gramu moja ya potasiamu hutoa bekereli 31. Maji ya bahari yenyewe yana bekereli 12 hivi kwa lita. Mwili wa mtu mzima una kama bekereli 4,000 za hiyo potasiamu, wewe unayesoma ukiwemo.

Isiyoonekana ni poloniamu-210. Hii hutoa chembe za alfa, na gama karibu hakuna. Kwa hiyo mashine za gama zinazotumika kukagua chakula humpitisha samaki mwenye poloniamu kama vile hana kitu. Ukiitaka poloniamu huna budi kuifuata kwa njia nyingine: unayeyusha nyama ndani ya asidi kali mpaka ibaki maji, unapasha moto, unatumbukiza kisahani cha fedha, fedha ya kweli ya mkufu. Poloniamu ina tabia ya kuganda juu ya fedha yenyewe bila kusukumwa na umeme. Baada ya saa chache unakitoa kisahani, unakisuuza, unakiingiza kwenye chumba kisicho na hewa na kuhesabu alfa moja moja. Siku nzima, wakati mwingine siku kadhaa, kwa kisahani kimoja.

Mwaka 2013 Fisher na wenzake, safari hii pamoja na wataalamu wa mionzi wa Ufaransa, walirudi kwenye jodari walewale na kuuliza swali ambalo magazeti hayakuuliza: mlaji anapata nini hasa, na kutoka wapi? Kiwango cha poloniamu walichotumia katika hesabu zao ni bekereli 79 kwa kilo.

Kabla ya kuendelea lazima niseme jambo la ng'onda, maana watu wengi wamepotea hapa. Namba zote nilizozitaja za jodari hawa ni za unga mkavu. Anayejua ng'onda anajua: samaki wa kilo nne akianikwa akakauka anabaki na kilo moja, na chochote kilichokuwa ndani yake, ukiondoa maji, sasa kiko ndani ya hiyo kilo moja. Kwa kila kilo kimezidi mara nne. Kwa samaki mmoja hakijazidi hata chembe. Sasa mtu akichukua bekereli 10 za unga mkavu akazilinganisha na kikomo cha Japani cha bekereli 100, ambacho kimewekwa kwa chakula kama kinavyoliwa, amelinganisha ng'onda na samaki mbichi. Kwa nyama mbichi sesiamu yote ya jodari hawa ilikuwa bekereli mbili na nusu hivi kwa kilo, potasiamu kama 83, poloniamu kama 19.

Tupige hesabu ya sahani moja basi. Chukua gramu 200 za mnofu, kipande cha kumtosha mtu mzima. Ndani yake mna nusu bekereli ya sesiamu, kumi na sita au kumi na saba za potasiamu, na karibu nne za poloniamu. Ukiangalia bekereli peke yake potasiamu ndiyo mfalme. Lakini bekereli ni hesabu ya kuvunjika, haisemi kilichovunjika kimetoa nini. Sesiamu na potasiamu hutoa mionzi myepesi, ambayo hutawanya nguvu yake kidogo kidogo njia nzima; mingine hutoka nje ya mwili kabisa. Alfa ya poloniamu ni kama lori la mawe lililoingia uchochoroni: haliendi mbali, unene wa seli chache tu, na nguvu yote inaishia palepale. Ndiyo sababu bekereli moja ya poloniamu ikiliwa huhesabiwa kuwa na kishindo mara tisini na zaidi cha bekereli moja ya sesiamu-137.

Ukibadilisha sahani ile kuwa dozi, yaani kishindo kinachoupata mwili, kipimo chake ni sieverti (milisieverti ni sehemu ya elfu yake, mikrosieverti ya milioni, nanosieverti ya bilioni): sesiamu ya Fukushima inatoa nanosieverti 7.7. Potasiamu inatoa kama 100. Poloniamu inatoa kama 4,600, yaani mikrosieverti 4.6. Kwa kila fungu moja la mionzi lililotoka kwenye ajali iliyotikisa dunia, kulikuwa na mafungu kama 600 yaliyoletwa na bahari yenyewe, tangu kabla hajazaliwa mtu wa kuvua jodari.

Nijihadhari nisije nikaeleweka vibaya. Mikrosieverti 4.6 ni kitu kidogo. Picha ya eksirei ya kifua hutajwa kuwa kama 20, na mtu wa kawaida duniani hupata 2,400 kwa mwaka kutokana na mionzi ya asili ya kila namna, hewa anayovuta ikiongoza. Sisemi jodari ni sumu. Wala sisemi ajali ya Fukushima ilikuwa mchezo, maana samaki wa chini wa pwani ileile ya Fukushima walikuwa na hali nyingine kabisa, na uvuvi ulisimamishwa kwa haki. Nasema kwamba samaki huyu alikuja na habari mbili, na iliyosikika ni ile ya alikotoka.

Sasa kwa nini? Bahari ina uraniamu nyingi kuliko poloniamu. Kila lita ya maji ya chumvi ina mikrogramu 3.3 za uraniamu, na kwa kuhesabu bekereli, uraniamu-238 inaizidi poloniamu-210 mara arobaini hivi majini. Ingia ndani ya samaki mambo yanapinduka. Uraniamu katika samaki ni kama ilivyo katika maji, haikusanyiki. Sesiamu hukusanyika mara mia. Poloniamu, kwa kiwango ambacho Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipendekeza mwaka 2004, mara elfu mbili. Bahari moja, samaki mmoja, na kila elementi ina hukumu yake.

Jibu liko kwenye tishu, na tishu utaziona vizuri ukienda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi, ukasimama kwenye meza za vijana wanaopaa samaki. Kijana anapasua tumbo kwa mpigo mmoja, anaingiza vidole. “Mama, utumbo nikuwekee?” “Tupa, mwanangu. Ini niachie.” Mezani sasa kuna rundo tatu: minofu, mifupa na matumbo. Mwanakemia akisimama pale anaona rundo tatu za elementi.

Minofuni kuna potasiamu na jamaa yake wa kugushi, sesiamu. Seli ya msuli inahitaji potasiamu kwa wingi, na milango yake haiwezi kutofautisha vizuri hizi mbili, hivyo sesiamu inapita kwa kitambulisho cha mwenzake. Lakini inavyoingia ndivyo inavyotoka. Samaki wa bahari hunywa maji ya chumvi mchana kutwa na kuzitoa chumvi zile kwa matamvua na figo, na potasiamu imejaa tele pembeni mwake. Sesiamu inasukumwa nje pamoja na nyingine. Ndiyo maana jodari wa San Diego walikuwa wamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya sesiamu yao njiani. Samaki wa ziwani hana bahati hiyo. Maji yake yana potasiamu kidogo, kwa hiyo hukumbatia anachokipata, na baada ya Chernobyl samaki wa maziwa ya nchi za Skandinavia walipata shida ya miaka mingi wakati wa baharini walikuwa wamekwisha kusafika.

Mifupani kuna radiamu na risasi-210, zote mbili zikijipitisha kama kalsiamu. Mfupa ukishazipokea hauziachii upesi. Mlaji wa mnofu hazimfikii sana, kwa kuwa mfupa unaishia kwa paka.

Poloniamu imelala kwenye rundo la tatu. Ini kwanza. Kisha vile vifuko vyembamba kama vidole vya mtoto vilivyobanana mwanzo wa utumbo, ambavyo wengi tunavitupa bila kuvijua jina. Hapo ndipo inapozidi kuliko popote, mara nyingi zaidi ya mnofuni. Poloniamu haina uhusiano na potasiamu wala kalsiamu. Iko kwenye mstari mmoja na salfa katika jedwali la elementi, na penye salfa katika protini ndipo inaposhika. Ini na utumbo ni viwanda vya protini, nayo hukaa kiwandani. Kiasi fulani kinaingia minofuni pia, na hicho ndicho Fisher alichokihesabu.

Njia inayoingilia ni mdomo, si matamvua, na hili nimelipenda kwa ustadi wake. Ardhi hupumua radoni, gesi inayotokana na uraniamu ya udongoni na miambani. Nusu-maisha yake ni siku nne kasoro. Inapeperuka juu ya bahari, inavunjika, na kwa hatua za upesi upesi inazaa risasi-210, ambayo inashuka na mvua. Risasi hiyo, kwa nusu-maisha ya miaka 22, inazaa poloniamu pole pole. Zote mbili, mama na mtoto, zinakutana na vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho. Risasi inagandia nje, kwenye ngozi ya kijimea. Poloniamu inaingia ndani, kwenye ute wa seli. Kijidudu cha planktoni kinakuja, kinameza kijimea, kinanyonya ute na kutoa ganda. Risasi inaondoka na kinyesi kuzama chini. Poloniamu inabaki kwa mlaji. Dagaa anamla kijidudu, kibua anamla dagaa, jodari anawala wote wawili.

Msomaji wa haraka atadhani basi jodari, aliye juu kabisa, ndiye mwenye nyingi. Kwa jumla siyo, ingawa zile 19 za hesabu ya Fisher ziko juu ya wastani wa samaki nitakaoutaja hapa chini. Wanyama wa planktoni hukusanya poloniamu kwa mara elfu thelathini za maji, na samaki mara elfu mbili. Inapungua kadiri unavyopanda, tofauti na zebaki. Walioshiba hasa ni wale wanaokula planktoni moja kwa moja, na walio wadogo kiasi cha kuliwa wazima. Uchunguzi wa Shirika la Nguvu za Atomiki uliochapishwa 1995 ulipata wastani wa dunia wa bekereli 2.4 kwa kilo ya samaki, 6 kwa kamba na kaa, na 15 kwa chaza na jamaa zao, ambao nao tunawala na matumbo yao.

Hapa ndipo ninapoiona kasoro ya kisa cha San Diego kwetu sisi. Kilipima mnofu, kwa kuwa Mmarekani hula mnofu. Wajapani, ambao hula samaki wa kila namna, wengine pamoja na matumbo yao, wamekadiria dozi yao ya asili kutokana na chakula kuwa karibu milisieverti 1 kwa mwaka, wakati wastani wa dunia ni 0.29, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni poloniamu. Na wanaishi miaka mingi kuliko karibu watu wote, ingawa sitafanya hilo kuwa ushahidi wa kitu chochote. Mtu wa pwani yetu anayekula dagaa kichwa, tumbo na mkia yuko karibu na Mjapani kuliko na Mmarekani. Hesabu ya mnofu wa jodari haimhusu.

Nina ugomvi mdogo pia na mfano wa ndizi. Watafiti walisema sesiamu ya sahani ile ni kama sehemu ya ishirini ya dozi ya ndizi moja, na kila mtu akaukariri. Hesabu ni sahihi, mfano ni mbovu. Mwili hushika kiwango chake cha potasiamu kwa ukali: ukila ndizi kumi, ya ziada unaikojoa, na bekereli zako 4,000 zinabaki palepale. Mfano wa haki ulikuwa sahani yenyewe, poloniamu ya samaki yuleyule, lakini nadhani hakuna aliyetaka kuwatuliza watu kwa kuwatajia kitu chenye jina baya zaidi.

Mwaka 2012 walipima jodari wengine waliovuka. Sesiamu ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Poloniamu haina sababu ya kushuka mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mvua haijaacha kunyesha baharini.

Ila inashuka kwenye kopo. Nyamani poloniamu huwa imemzidi mama yake risasi kwa mbali, kwa hiyo samaki akishakufa hakuna wa kuijaza upya, na nusu-maisha yake ni siku 138. Jodari wa kopo aliyekaa rafuni miezi minne na nusu amebaki na nusu ya aliyokuwa nayo siku alipovuliwa. Aliyekaa mwaka na nusu ana kama sehemu ya kumi na tano. Ndivyo ilivyo kwa dagaa mchele wa Unguja, wanaochemshwa kwa maji ya chumvi, wakaanikwa na kutiwa magunia kwenda Kongo. Kwa kilo wamezidi, kwa ajili ya kukauka. Kwa siku wanapungua, gunia likiwa melini, likiwa bandarini, likiwa kwenye lori.